Mweusi mwenye lulu: jinsi ya kumtambua kilifishi wa Paraná

Dume wa Austrolebias nigripinnis, kilifishi mdogo wa madimbwi ya msimu ya nchi ya mto Paraná huko Amerika Kusini, akiwa amepandisha mapezi mbele ya mpinzani wake hahitaji mwongozo. Mwili mzima ni mweusi wenye ubluu ndani yake, kama kaniki iliyotoka kuchovywa leo, na juu ya weusi huo zimetapakaa nukta ndogo za samawati zinazowaka. Kasheshe ni kwamba samaki huyo huyo, ukimchota kwa wavu na kumtia kwenye ndoo nyeupe, baada ya dakika chache amegeuka kijivu. Na jike wake hajawahi kuwa mweusi hata siku moja.

Basi huu ni mwongozo wa siku za ndoo nyeupe. Unamfaa mwenye samaki asiyemjua jina, mwenye picha moja iliyofifia, au mfugaji aliyepokea mfuko wa mayai kwa posta na sasa anatazama vifaranga wakikua huku akijiuliza kama alichoandikiwa ndicho alichopewa. Mpangilio wake unapingana na tamaa ya jicho. Jicho linataka kuanza na rangi. Sisi tutaanza na mahali, twende kwenye umbo, tuhesabu, ndipo rangi iruhusiwe kusema.

Neno moja kabla ya safari. Kilifishi hana undugu na Kilifi ya pwani ya Kenya. Jina hilo huelezwa kuwa limetokana na neno la Kiholanzi kil, lenye maana ya kijito au mfereji, yaani maji madogo ambamo samaki hawa hupatikana. Sisi Afrika Mashariki tunao wetu, jenasi Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya msimu. Unguja ina N. guentheri, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1893. Hao wa kwetu na hawa wa Amerika Kusini ni ndugu wa mbali, familia mbili tofauti, na mtindo wao wa kuishi msimu mmoja, kuzika mayai kwenye tope na kufa dimbwi likikauka, ulizuka huku na kule kila upande kivyake. Wabrazili huwaita wa kwao samaki wa mawinguni, kwa kuwa mvua ikinyesha hao wapo, mtu hajui wametoka wapi.

Vitu vya kuwa navyo

Kioo cha kukuzia kinachokuza mara kumi. Rula ya milimita. Simu yenye kamera nzuri. Kisanduku chembamba cha kioo, upana wa vidole viwili au vitatu, ambacho fundi yeyote wa matangi ya samaki atakukatia kutokana na mabaki ya vioo vyake. Penseli na karatasi. Penseli, nimesema, si kalamu. Sababu utaikuta mbele.

Ukilazimika kumtuliza samaki ili umpime, mafuta ya karafuu hufanya kazi hiyo. Maabara nyingi za samaki huyatumia. Yakoroge kwanza kwenye chupa ndogo ya maji, kisha umwongezee tone kwa tone hadi alegee, na ukimaliza mrudishe haraka kwenye maji safi yenye hewa. Akizidishiwa haamki. Kwa kazi nyingi za hapa hutayahitaji kabisa.

Hatua ya 1: Uliza ametoka dimbwi gani

Swali hili pekee linakufutia spishi nyingi kuliko jambo lingine lolote utakalofanya. Kundi la Austrolebias lina spishi zaidi ya 40, zilizosambaa kusini mwa Brazil, Uruguay, Argentina, Paraguay hadi Bolivia, na nyingi kati ya hizo zina eneo dogo sana, pengine bonde la mto mmoja. Samaki wetu ni wa sehemu za chini za mito Paraná na Uruguay, upande wa Argentina na upande wa Uruguay. Ukiambiwa samaki alivuliwa pwani ya kaskazini-mashariki ya Brazil, usiendelee kumtafuta huyu. Huko kuna jenasi nyingine kabisa.

Msimu nao ni ushahidi. Katika nchi za Río de la Plata, yaani Argentina na Uruguay, madimbwi hujazwa na mvua za vuli ya huko, ambayo si vuli yetu, kuanzia Aprili na Mei hivi. Mayai yaliyolala topeni huanguliwa, samaki hukua kipindi cha baridi, huzaliana hadi majira yao ya kuchipua, Septemba hadi Novemba, na joto la Desemba na Januari hukausha kila kitu. Kwa hiyo huyu ni samaki wa maji baridi kwa maana zote mbili za neno: hayana chumvi, na mwezi wa Julai hayashikiki. Mtu akikwambia alimvua Februari kwenye ziwa lenye maji mwaka mzima, huenda anaongea ukweli wake, ila anaongea juu ya samaki mwingine.

Kwa mfugaji, dimbwi liko kwenye lebo. Wafugaji makini huandika jina la spishi na baada yake jina la mahali mayai ya ukoo huo yalipotoka. Kwa samaki huyu utakutana, kwa mfano, na “Villa Soriano”, kijiji cha Uruguay. Wanaofuga Nothobranchius wanaujua utaratibu huo: “Beira 98” kwenye mfuko wa N. rachovii maana yake ukoo ulitoka Beira, Msumbiji, mwaka 1998. Mfuko usio na mahali si lazima uwe wa uongo, lakini jina lake lipokee kama unavyopokea salamu iliyopitia watu watano.

Hatua ya 2: Hakikisha ni kilifishi

Wavu ukipita kwenye maji ya kando ya Paraná huja na mchanganyiko. Mwenye ndevu mdomoni ni wa ukoo wa kambale, mweke pembeni. Mwenye kipezi kidogo cha nyama kati ya pezi la mgongo na mkia ni wa ukoo wa akina piranha, naye mweke pembeni. Kilifishi ana pezi moja tu la mgongo, lililosogea nyuma; mapezi yake yote ni laini, hayana mwiba; mkia ni wa mviringo kama upepeo; na mdomo unatazama juu kidogo.

Wawili watakusumbua kwa sababu nao ni wadogo na wana umbo la karibu. Wa kwanza ni Cnesterodon decemmaculatus, ambaye Waargentina humwita madrecita, yaani kimama. Jina la kisayansi linasema ana madoa kumi, na kweli ubavuni ana mstari wa vidoa vyeusi, ingawa si kila mmoja atakufikishia kumi. Wa pili ni Jenynsia, jenasi iliyopewa jina la Leonard Jenyns, mtu aliyeandika maelezo ya samaki waliokusanywa na Charles Darwin katika safari ya meli ya Beagle. Hawa wote wawili huzaa vifaranga hai. Mgeuze dume umtazame chini: pezi la mkundu limegeuka kuwa kijiti cha kupandishia. Kilifishi wa msimu hana kitu hicho; pezi lake la mkundu ni pana, la kujionyesha.

Kuna faida nyingine ya kuwajua wawili hawa. Samaki wanaozaa hawawezi kuvuka kiangazi ndani ya tope. Ukiwakuta wengi ndani ya dimbwi, dimbwi hilo aidha lina maji ya kudumu au lilifikiwa na mafuriko ya mto hivi karibuni. Liandike hilo kwenye daftari lako.

Hatua ya 3: Mwingize kwenye kundi lake

Chukua kioo cha kukuzia umtazame usoni. Kilifishi wa ukoo wa Rivulidae, yaani familia ya hawa wa Amerika Kusini, na hata Nothobranchius wetu, ana tundu la pua la mbele lililochomoza kama kimrija. Kisha teremka chini ya jicho. Samaki wa kundi la Austrolebias ana mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni, kama wanja uliochuruzika kwa machozi, na mara nyingi alama nyingine juu ya jicho. Kwa dume wa nigripinnis aliyekolea, mstari huo humezwa na weusi wa uso wote, hivyo utafute akiwa amefifia. Hapo ndipo ndoo nyeupe inapokufaa. Alama nyingine ya kundi ni shavu: kati ya pembe ya mdomo na sehemu ya mbele ya shavu hakuna magamba. Kwa samaki hai wa sentimita nne hiyo ni kazi ya macho ya kijana, siifichi.

Mfugaji wa huku kwetu anaweza kuwa na hofu tofauti: je, mayai yaliyofika si ya Nothobranchius tu, yamebadilishiwa jina? Hilo linajibika. Mayai yote ya samaki hawa husafirishwa ndani ya mboji yenye unyevu au vumbi la makumbi, na kwa macho ya kawaida yanafanana: vishanga vidogo vigumu vya rangi ya asali. Yai halina jina. Subiri dume akomae. Nothobranchius kwa kawaida hana njiti ishirini, yaani vijiti vinavyoshika ngozi ya pezi, kwenye pezi la mgongo. Dume wa nigripinnis anazivuka. Tena madume wengi wa Nothobranchius wana wekundu mahali fulani, mkiani au kwenye kingo za magamba. Dume wetu hana wekundu popote.

Hatua ya 4: Tenga madume na majike

Usijaribu kutambua spishi kabla ya kutenga jinsia. Wengi huiruka hatua hii, wakaishia kutoa majina mawili kwa mume na mke.

Dume: mapezi ya mgongo na mkundu ni marefu kwa kitako, yaani yameshika sehemu kubwa ya mwili, na yamekaa yakielekeana juu na chini kama pezi moja na kivuli chake. Jike: pezi la mgongo ni fupi kwa kitako na huanzia nyuma zaidi, njiti ni chache, mwili ni wa kahawia au kijivu wenye mabaka meusi yasiyo na mpangilio, na mapezi karibu hayana rangi. Kwa kawaida dume ni mkubwa kuliko jike. Vifaranga hawaonyeshi chochote cha kuaminika katika wiki za mwanzo. Wape muda hadi madume waanze kufukuzana, hapo utakuwa umefika.

Ukiwa nao tangini, tabia itakusaidia. Weka bakuli la mboji au vumbi la makumbi lenye kina cha vidole vinne. Dume atasimama juu yake akitikisa mapezi, jike atamfuata ubavuni, kisha wote wawili watatumbukia kichwa mbele ndani ya mboji hadi wapotee. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilidhani wamekufa. Walitoka baada ya muda mfupi, wamejaa vumbi, wakaanza tena. Samaki anayezaa kwa kuzama namna hiyo si madrecita na si Jenynsia.

Hatua ya 5: Piga picha, kisha hesabu

Jaza kisanduku chembamba kwa maji ya tangi lake mwenyewe. Mtie dume. Nyuma ya kisanduku weka karatasi ya kijivu. Nyeupe humfanya afifie, nyeusi humeza mapezi yake. Mwanga utoke juu kwa mbele. Usitumie mwako wa kamera, kwa sababu nukta zake si rangi ya kawaida: ni vigae vidogo vinavyorudisha mwanga, na mwako huvigeuza kuwa madoa meupe matupu.

Sasa weka dume mwingine kwenye chombo cha pili kando yake, kioo kwa kioo. Hakuna dawa ya kufifia iliyo bora kuliko wivu. Ndani ya dakika chache atakuwa amefungua mapezi yote na weusi umerudi. Piga picha za ubavu wa kushoto, nyingi, mpaka upate moja ambayo mapezi ya mgongo na mkundu yametanuka hadi mwisho. Ubavu wa kushoto si ushirikina. Vitabu vingi vya samaki huchora na kupima upande huo, na kulinganisha kunakuwa rahisi.

Picha ikishapatikana, ikuze uhesabu njiti za pezi la mgongo. Njiti ni vile vijiti vinavyoishika ngozi ya pezi, kama njiti za mwavuli. Anza mbele, ambako kuna fupi mbili au tatu zinazojificha kwenye ngozi. Wanaoanza huziruka na hesabu nzima inapotoka. Nyuma kabisa, njiti mbili za mwisho mara nyingi huota kutoka shina moja. Wapo wataalamu wanaozihesabu kuwa moja, wapo wanaohesabu kila kinachoonekana. Fuata njia ya mwandishi unayelinganisha naye, na katika daftari andika uliyoitumia. Rudia hesabu mara tatu siku tofauti. Ukipata 23, 24, 23, una hesabu. Ukipata 19, 24, 27, una picha mbaya.

Kisha pezi la mkundu, kwa njia ile ile. Kwa dume wa nigripinnis mapezi haya mawili hukaribiana sana kwa idadi na kwa urefu wa kitako, yote yakiwa na njiti zaidi ya ishirini.

Kwa urefu, pima kutoka ncha ya mdomo hadi mwanzo wa pezi la mkia, usiuhesabu mkia wenyewe. Mikia hung’atwa, hunyofoka na kuota upya, kwa hiyo wataalamu hawaiamini. Nigripinnis ni mdogo: dume mzima wa sentimita nne na ushei hivi, bila mkia, ni wa kawaida. Ukipima sentimita kumi, funga mwongozo huu. Una samaki mwingine.

Hatua ya 6: Sasa iite rangi

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wazima hugombana.

Dume wa nigripinnis aliyekolea: mwili mweusi wa bluu, mapezi meusi, nukta za samawati au za kijanikibichi zinazong’aa juu ya mwili na juu ya mapezi, na mara nyingi ukingo mwembamba wa samawati juu ya pezi la mgongo. Jina linasema hivyo: nigripinnis, mwenye mapezi meusi. Nukta ni ndogo na nyingi. Kwenye mwili zina tabia ya kujipanga katika safu za juu kwenda chini, kwenye mapezi zimetawanyika.

Wa kumlinganisha naye kwanza ni Austrolebias bellottii, kwa kuwa wanaweza kukutwa dimbwi moja katika jimbo la Buenos Aires, Argentina. Franz Steindachner wa Vienna alimpa jina mwaka 1881. Dume wake ni wa bluu ya kijivu, kama mbingu ya asubuhi yenye mawingu, na nukta zake ni nyeupe za lulu. Ana mwili mkubwa na mpana zaidi. Tatizo ni saa ambayo nigripinnis amefifia: weusi ukiondoka kinachobaki ni kijivu chenye nukta, na hapo nimeona watu wenye miaka mingi ya ufugaji wakitaja jina lisilo lake. Mtego huu una njia moja tu ya kuukwepa: mrudishe kwenye hatua ya 5, mtie wivu, usubiri. Bellottii akikasirika anazidi kuwa bluu. Nigripinnis akikasirika anazidi kuwa usiku.

Wa pili ni A. elongatus, naye pia wa Steindachner, mwaka ule ule. Huyu humkosei akiwa mzima: mrefu, mdomo mpana, taya kubwa, rangi ya tope. Hula samaki, wakiwemo hao ndugu zake wadogo wa dimbwi lile lile, na huvuka sentimita kumi bila shida. Hatari iko kwa watoto wake. Katoto ka elongatus ka sentimita tatu kanaweza kupita kama jike wa nigripinnis machoni pa mwenye haraka. Tazama mdomo. Jike wa nigripinnis ana kidomo cha mtu mwenye adabu. Katoto ka elongatus tayari kana taya la mlafi.

Wa tatu ni A. alexandri wa Entre Ríos, jimbo la Argentina, aliyeelezwa mwaka 1974. Dume wake ana michirizi myeusi iliyosimama ubavuni juu ya rangi ya bluu na kijani. Ukiona michirizi iliyosimama wazi kwa dume aliyekolea, si nigripinnis.

Usitumie rangi kabisa kwa samaki wa kwenye chupa. Pombe huondoa mng’ao wote. Nukta za samawati hupotea na weusi hugeuka kahawia. Samaki wa makumbusho hutambuliwa kwa njiti, magamba na vipimo, na ndiyo maana tulianza na hesabu.

Hatua ya 7: Jike peke yake asipewe jina

Majike wa spishi hizi hufanana kiasi kwamba jike mmoja asiye na dume wala mahali alipotoka hawezi kupewa jina kwa macho. Atapewa jina la kundi tu: Austrolebias sp., basi. Jike wa bellottii mara nyingi huwa mkubwa na madoa yake hukolea, lakini “mara nyingi” si kipimo.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kuwa na mifuko miwili ya mayai, mmoja wa nigripinnis, mmoja wa bellottii, yote nimeiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino. Unyevu wa mboji ukala maandishi. Nikajipa moyo kwamba nitawatenganisha wakikua, na kweli madume niliwatenganisha siku ya kwanza walipopanda rangi. Majike kumi na mmoja walibaki wakinitazama. Nilijaribu madoa, nikajaribu umbo la tumbo, nikajaribu kumpa kila jike dume nione atamkubali nani. Na jike wa tangini hukubali aliyepo. Spishi za karibu zinaweza kuzaliana, hivyo kila yai ambalo lingetoka kwa majike wale lingekuwa na jina la kubahatisha. Niliwafuga hadi wakafa kwa uzee wa miezi yao michache, bila kutunza yai hata moja.

Penye shaka ya kweli, na penye sababu ya kutosha, kuna uchunguzi wa vinasaba. Kipande kidogo cha pezi la mkia hukatwa, huwekwa kwenye pombe kali ya maabara, na jeni ya saitokromu b husomwa na kulinganishwa. Hata hapo jibu hutegemea kama mtu aliwahi kusoma samaki wa dimbwi hilo, na kwa spishi zilizoachana juzijuzi jeni moja huweza isitoshe. Kwa mfugaji wa nyumbani ni gharama bure. Kwa anayeandika ripoti ya ardhi oevu kabla barabara haijapita, ni jambo la kufanya.

Hatua ya 8: Andika jina linavyotakiwa

Utakutana na majina matatu ya samaki huyu mmoja na udhani ni samaki watatu. Charles Tate Regan, wa jumba la makumbusho la Uingereza, alimwita Cynolebias nigripinnis mwaka 1912. Mwaka 1998 mtaalamu wa Brazil, Wilson Costa, alianzisha jenasi Austrolebias, na samaki huyu akahamia humo. Mwaka 2023 kundi la watafiti, wengi wao wa Argentina na Uruguay, waliigawa Austrolebias katika jenasi kadhaa, na huyu akawa Argolebias nigripinnis. Wafugaji bado husema Austrolebias kwa mazoea, nami humu nimefanya hivyo. Ukitafuta maandishi, tafuta kwa majina yote matatu.

Mabano yana maana. “Cynolebias nigripinnis Regan, 1912” haina mabano kwa sababu ndilo jina alilolitoa Regan mwenyewe. “Austrolebias nigripinnis (Regan, 1912)” ina mabano kuonyesha kwamba spishi ni ya Regan lakini jenasi imebadilika baadaye. Sehemu ya pili ya jina haijabadilika tangu mwanzo, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kushika.

Kuhusu kuvua na kutunza

Kama utafika mwenyewe kwenye madimbwi hayo, tafuta kibali kwanza. Ardhi nyingi ya pampa, nyanda za nyasi za huko, ni mashamba ya watu, na Brazil ina utaratibu wa leseni za ukusanyaji kupitia taasisi yake ya uhifadhi, ICMBio. Familia ya Rivulidae ni miongoni mwa samaki walio hatarini zaidi katika nchi hiyo, kwa sababu dimbwi lililokauka halionekani kama makazi ya kitu chochote: hujazwa kifusi, hulimwa mpunga au soya, na mayai yaliyokuwa yamelala humo huishia hapo. Kwa utambuzi, picha nzuri za madume wawili na majike wawili, pamoja na picha ya dimbwi, zinatosha. Warudishe.

Kwa mfugaji wa huku, samaki huyu anapenda nyuzi joto 16 hadi 22 hivi. Njombe, Lushoto, Limuru atastarehe. Dar es Salaam na Mombasa atazeeka haraka, atafifia, na utambuzi wako utakuwa mgumu bila sababu. Na maji yake, mayai yake, mboji yake, visiingie kamwe kwenye madimbwi yetu. Hayo yana wenyewe.

Mwisho, lebo. Karatasi ngumu, penseli. Mstari wa kwanza jina la spishi. Wa pili mahali ukoo ulipotoka, kama ulivyoandikwa na aliyekupa, bila kusahihisha. Wa tatu tarehe mayai yalipotolewa majini. Wa nne jina la aliyetambua na kwa ushahidi gani: “dume, njiti mgongo 23, picha ipo”. Kama hukuwa na hakika, weka herufi “cf.” kati ya jenasi na spishi, maana yake “linganisha na”, na hakuna atakayekucheka. Karatasi moja ingie ndani ya mfuko pamoja na mboji, nyingine ibandikwe nje.